Boazi Hakulaza Jambo

Somo la vijana na familia nzima
Maandiko: Ruthu 2 hadi 4, Luka 14:28–30
Andiko la kukariri: Ruthu 3:18



Kuna jibu moja ambalo nimelizoea sana katika vikao vya ushauri. Nikimuuliza kijana, "Yule dada mnayekaa naye kila Jumapili, mmefika wapi?" ananijibu, "Pasta, tuko tu." Nikimuuliza dada kwa wakati wake, anatazama chini kidogo, kisha anasema vilevile, "Tuko tu, Pasta." Maneno ni yale yale, lakini ndugu ameyasema akicheka, na dada ameyasema huku moyoni amekwisha kuchagua majina ya watoto. Mara nyingine huwa kinyume: ndugu ndiye anayengoja, na dada ndiye anayepitisha muda. Kwa vyovyote vile, mmoja wao anajenga nyumba na mwingine amepanga chumba cha usiku mmoja.

Huo ndio mzigo wa somo la juma hili. Vijana wengi wetu wamechoka na "tuko tu." Wananiambia wanataka uchumba wenye nia, wanataka ndoa, lakini hawajui waanzie wapi. Wengine hawakuona mfano nyumbani. Kwa hivyo tufungue kitabu cha Ruthu, tumwangalie mwanamume mmoja wa Bethlehemu na mwanamke mgeni kutoka Moabu, tuone walifanyaje.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Uchumba wenye nia si kwamba kila mtu utakayekunywa chai naye lazima umuoe. Maana yake ni kwamba wote wawili mnajua swali mnaloulizana, na wote wawili mnajua litajibiwa. Jibu laweza kuwa ndiyo, na laweza kuwa la. Uchumba uliofika kwenye "la" kwa heshima, bila mtu kuharibiwa, umefanya kazi yake. Ule usiouliza chochote ndio unaokula miaka ya watu.

1. Alijua mwenendo wake kwanza

Soma Ruthu 2:5. Boazi anafika shambani, anamwona msichana asiyemfahamu, na swali lake la kwanza anampelekea msimamizi wa wavunaji: huyu ni wa nani? Hakumkimbilia msichana na maneno matamu. Aliuliza watu. Ukishuka hadi mstari wa 11 unamkuta tayari anajua jinsi Ruthu alivyomtendea mama mkwe wake baada ya kufiwa na mume. Na katika sura ya 3 mstari wa 11 anamwambia kwamba mji wote unajua yeye ni mwanamke mwema.

Nataka uone muda uliopita hapo. Ruthu 2:23 inatuonyesha Ruthu akiokota masazo katika shamba la Boazi tangu mavuno ya shayiri hadi mwisho wa mavuno ya ngano. Ni majuma mengi ya kumwona mtu akiwa kazini, akiwa amechoka, akiwa na jasho, akizungumza na vibarua. Hapo ndipo tabia hujulikana.

Sasa sisi tunajuana kwa simu. Mtu anakutumia picha nzuri na meseji nzuri saa nne usiku, na baada ya juma moja unasema unamjua. Unajua anavyoandika, mpendwa! Hujamwona akikasirika kwenye foleni ya matatu. Hujamsikia akizungumza na mama yake kwa simu. Hujui anamwitaje mhudumu wa hoteli akichelewa kuleta chai. Mkaribie mtu mahali ambapo kuna kazi: katika huduma, katika kamati ya vijana, katika msiba ambapo viazi lazima vimenywe na viti lazima vipangwe. Waulize waliokaa naye. Asiyetaka marafiki zake wakujue, jiulize kwa nini.

2. Walisema waziwazi

Hapa dada zangu wasikilize vizuri. Katika Ruthu 3:9 aliyeanza kusema ni Ruthu. Kwa ushauri wa Naomi alimwendea Boazi na kumwomba amtandazie vazi lake, kwa sababu yeye ni jamaa wa karibu. Kwa desturi yao hilo lilikuwa ombi la ndoa. Ruthu hakutuma vidokezo miaka mitatu. Aliuliza.

Kwa hivyo dada, kumuuliza mtu ambaye mmekuwa mkitembea naye mwaka mzima, "Tunaelekea wapi?" si kukosa adabu, na si kujirusha kwake. Ni haki yako, kwa maana miaka ni yako. Akikasirika kwa sababu umeuliza, basi amekujibu.

Na Boazi alifanya nini? Alijibu usiku ule ule. Tazama pia mazingira: ni usiku, kwenye uwanja wa kupuria, mwanamume amekula na kunywa na moyo wake umefurahi, na hakuna anayewaona. Kijana wa "tuko tu" angesema, "Leo tufurahie, mengine tutaona mbele." Boazi alimlinda. Alimwacha alale salama hadi alfajiri, akamrudisha kwa Naomi na vipimo sita vya shayiri, na jina lake likiwa safi. Ndugu yangu, nia ya mwanamume hupimwa na anachofanya akiwa na nafasi ya kufanya vibaya.

3. Alifichua kizuizi mapema

Ruthu 3:12 ni mstari tunaopita haraka. Boazi anakiri kwamba yuko jamaa aliye karibu kuliko yeye, mwenye haki ya kwanza ya kukomboa. Angeweza kunyamaza, aoe kwanza, ukweli utokee baadaye. Lakini alimwambia Ruthu kabla ya Ruthu kujua lolote.

Kwetu kizuizi kina sura nyingi. Una mtoto kule nyumbani? Sema. Una mkopo wa HELB ambao hujaanza kulipa, umeongeza mikopo ya simu, na kila mshahara ukiingia Fuliza inaumeza? Sema. Uliwahi kuishi na mtu, na wazazi wake walipokea mbuzi? Hiyo sema haraka, kwa sababu huenda kwa mila wewe ni mume wa mtu!

Na afya pia. Kanisa letu huwaomba wachumba wapime virusi vya ukimwi pamoja, na hatufanyi hivyo ili kumwaibisha mtu. Walio na virusi na wanaotumia dawa vizuri wanaoa, wanazaa, wanaishi. Kinachovunja nyumba ni siri. Vilevile wale ambao familia zao zinatoka magharibi mwa nchi au Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu unapatikana zaidi, pimeni damu mjue hali zenu. Wote wawili mkiwa mnabeba chembe hiyo bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Ni afadhali mjue hilo mkiwa wachumba, muamue kwa macho wazi, kuliko kulijua wodini.

4. Alikwenda langoni

Asubuhi Boazi alipanda hadi lango la mji, akaketi, akamwita yule jamaa, akawaita wazee kumi (Ruthu 4:1–2). Jambo lililoanza faraghani akalileta mbele ya watu. Wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno.

Wengine husikia "uchumba wenye nia" wakadhani ni jambo jipya la vitabu vya Marekani. Hapana. Mababu zetu walilijua. Wakikuyu wana siku ya kwenda kulijua boma la msichana, kuna kuhanda ithigi, kisha ruracio inafuata. Wakamba wana ntheo, wale mbuzi watatu wanaotangaza kwamba binti huyu ana mwenyewe. Wajaluo wana ayie, inayopelekwa kwa mama wa msichana. Ndugu zetu wa Pwani wana mshenga, posa na kishika uchumba. Kila mojawapo ni hatua, kila hatua ina mashahidi, na katika kila hatua mtu anaweza kuulizwa, "Bado unataka?" Sisi tulioenda shule ndio tuliotupa hatua zote, tukabaki na simu.

Sheria ya nchi nayo ina lango lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kila mmoja lazima awe ametimiza miaka 18, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Hata mkioana kimila, mnapaswa kumjulisha msajili ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika.

"Lakini Pasta, si tukiishi pamoja miaka mingi serikali itatuhesabu kuwa mume na mke?" Usitegemee hilo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya watu wawili waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi. Ikasema dhana ya kwamba watu wameoana kwa sababu tu wameishi pamoja ni ya kutumiwa kwa nadra sana, na ikaweka masharti makali. Mali yao iligawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, si kwa sababu walihesabiwa kuwa mume na mke. Kwa hivyo dada uliyeko katika njoo-tukae, unayepika na kufua na kuchangia kodi ya nyumba kwa M-Pesa, ujue kwamba "tuko tu" haina cheti.

5. Alikamilisha

Andiko letu la kukariri ni maneno ya Naomi. Anamwambia mkwewe atulie, kwa kuwa anamjua yule mtu: hatapumzika mpaka jambo limekwisha siku hiyo. Je, mama yako anaweza kusema hivyo juu ya kijana unayetembea naye? Ndugu, je, kuna mtu anayeweza kusema hivyo juu yako?

Kisha tazama mpangilio wa Ruthu 4:9–13. Kwanza mashahidi wanaitwa. Halafu Ruthu anakuwa mke wake. Halafu anaingia kwake. Halafu Bwana anampa mimba. Sisi tumeligeuza kabisa, tunaanzia kwenye mimba ndipo tunatafuta mashahidi. Na kutoka nyumba hiyo iliyojengwa kwa mpangilio alizaliwa Obedi, babu yake Daudi. Mathayo 1:5 inawataja Boazi na Ruthu katika ukoo wa Bwana wetu Yesu. Amina?

Gharama ambayo hairudi

Nilisomea biashara chuoni, na kuna somo moja la kule ambalo hunisaidia sana katika ushauri. Pesa uliyokwisha kuitumia na ambayo hairudi, usiiache ikuamulie hatua inayofuata. Tuseme umechimba kisima, umetumia laki tatu, na wataalamu wanakwambia hapa hakuna maji. Zile laki tatu si sababu ya kuongeza laki ya nne. Zimeenda. Swali ni moja tu: ile laki iliyobaki mfukoni, inafaa kuchimba wapi?

Dada mmoja aliniambia, "Pasta, nimekaa naye miaka sita. Nikimwacha nitakuwa nimepoteza miaka sita." Nikamwambia, "Miaka sita imeenda, ukibaki au ukiondoka. Tunazungumza juu ya mwaka wa saba." Alilia, na sikumharakisha. Lakini alienda akauliza lile swali ambalo hakuwa ameliuliza miaka yote hiyo. Jibu alilopata lilimuumiza, na leo anatembea akiwa huru.

Bwana Yesu alitufundisha katika Luka 14 kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Angalia neno "kwanza." Hesabu hiyo ni ya kabla ya ndoa. Wewe uliyekwisha kuoa au kuolewa, usinisome vibaya ukaenda nyumbani kusema mke wako ni kisima kikavu! Agano halipigiwi hesabu hizo. Njoo tuombe, tuzungumze, tutafute msaada.

Kuna shimo upande wa pili wa barabara

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini haraka haraka nayo haina baraka. Nimeona vijana wakikimbia "tuko tu" wakaangukia "Bwana amenionyesha." Ndugu anamwendea dada baada ya kesha, hawajawahi kuzungumza hata nusu saa, anamwambia ameoteshwa kwamba yeye ni mke wake. Dada anaogopa kukataa asije akampinga Mungu.

Nitasema wazi, na uongozi wa kanisa unasimama nami: hakuna dada wala ndugu katika kanisa hili anayelazimika kuoa au kuolewa kwa sababu ya ndoto ya mtu mwingine. Sisi tunaamini Roho Mtakatifu anasema. Lakini 1 Wathesalonike 5:21 inatuagiza tujaribu mambo yote. Kama Bwana amekuonyesha wewe, atashindwaje kumwonyesha na yeye? Mpe nafasi. Pitia hatua zile zile alizopitia Boazi. Unabii wa kweli hauogopi kuulizwa maswali.

Na ninyi mnaompima kila mtu kwa orodha ya mambo arobaini, gari, kimo, mshahara na kiwanja, nia yenu ni ya kununua, si ya kuoa. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, maskini.

Neno kwa walio katika njoo-tukae

Mnaoishi pamoja bila ndoa, wengine mkiwa na watoto, najua mnaketi viti vya nyuma na hampendi mahubiri ya namna hii. Sikuandika somo hili kuwapiga mawe. Katika Yohana 4 Bwana Yesu aliketi kisimani na mwanamke aliyekuwa akiishi na mtu asiye mumewe, akazungumza naye ukweli, na akampa maji ya uzima. Vyote viwili, ukweli na maji.

Wengi mnaniambia kinachowazuia ni pesa: mahari, tena hema, keki, magari, picha, kamati ya harusi. Mpendwa, ndoa na harusi ni vitu viwili. Mnaweza kuja Jumapili ibada ikiendelea, mkiwa mmevaa nguo mlizo nazo safi, mkaapa mbele za Mungu, mkatia sahihi cheti, na kina mama wakawapikia chai na mandazi. Kanisa halitawadharau. Atakayewacheka, mleteni kwangu.

Na wazazi, nawaomba kwa heshima. Mahari ni shukrani, isiwe bei. Mkitaja kiasi ambacho kijana mwaminifu hawezi kukifikia, hamjamlinda binti yenu. Mmempeleka njoo-tukae kwa mikono yenu wenyewe. Acheni deni libaki la heshima, na watoto wafunge ndoa.

La kufanya juma hili

Kama uko katika "tuko tu," usimalize mwezi huu bila mazungumzo matatu. Zungumza na Mungu kwanza, ukiwa tayari kusikia la. Zungumza na mwenzako, mchana, mahali pa wazi, umuulize tunaelekea wapi na lini. Kisha zungumza na mtu wa tatu aliyekomaa katika imani, ambaye wote mnamheshimu, awe ndiye lango lenu. Mwenzako akiomba muda wa kufikiri, mpe, lakini muwe na tarehe. Muda usio na tarehe ni "tuko tu" iliyovaa suti.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Boazi alijuaje tabia ya Ruthu kabla ya kuzungumza juu ya ndoa? Sisi tunaweza kujuana wapi mbali na simu?
2. Kwa nini Boazi alimtaja yule jamaa wa karibu mapema? Ni mambo gani wachumba wa leo wanafichana?
3. Katika jamii yenu, hatua za uchumba zilikuwa zipi? Ni zipi tunaweza kuzishika bila kuvunja imani yetu?
4. Kanisa na wazazi wanawezaje kuwapunguzia vijana gharama za kuoana?

Ombi

Baba, tunakuja kwa jina la Yesu. Wape vijana wetu ujasiri wa kuuliza na uaminifu wa kujibu. Waliopoteza miaka, uwarudishie furaha. Walioumizwa, uwaponye. Wanaoishi pamoja, uwafungulie njia ya kuja mbele zako bila aibu. Wazazi uwape moyo wa upole. Tuondolee roho ya kulaza mambo, utufanye watu wa neno moja, ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Katika jina la Yesu, amina.